Namba ya chombo cha mbao haisemi kiliundwa lini

NAMBA iliyopakwa rangi ubavuni mwa mashua au jahazi katika Delta ya Rufiji humvutia mnunuzi kama cheti cha kuzaliwa. Huitazama, akailinganisha na ya chombo kilichofungwa jirani, kisha akahukumu: hii ni ndogo, kwa hiyo chombo ni kikongwe, ile ni kubwa, kwa hiyo chombo ni kipya.

Hukumu hiyo aghalabu si sahihi. Namba ya chombo cha mbao katika pwani yetu ni namba ya kitabu cha serikali, si namba ya karakana. Husema chombo kiliandikishwa wapi na kwa mfuatano gani, wala haisemi mkuku wake ulilazwa lini. Tofauti hiyo si ya wasomi peke yao. Anayenunua mashua ya miaka 30 kwa bei ya mashua ya miaka kumi hupoteza fedha zake, na watu wanaovuka maji ya bahari kati ya Nyamisati na Kilindoni, Mafia, huwa wameweka roho zao juu ya mbao ambazo pengine hakuna aliyewahi kuuliza umri wake.

Makala haya yanaeleza namba hizo zilitoka wapi, zinaweza kusema nini, na ni kwa njia zipi mtu anaweza kukaribia mwaka wa kuundwa kwa chombo pale namba inaponyamaza.

Viwandani namba hubeba mwaka

Dhana kwamba namba ya boti huficha mwaka haikuzuka bure. Katika nchi ambako boti hutoka kiwandani kama magari, ndivyo ilivyo.

Tangu Novemba 1, 1972, Marekani imetaka kila boti ya starehe inayotengenezwa au kuingizwa nchini humo iwe na namba ya utambulisho ya alama 12, iliyowekwa kwa namna isiyofutika kirahisi, nyuma ya boti upande wa kulia. Alama tatu za mwanzo ni za mtengenezaji, tano zinazofuata ni za boti yenyewe, na nne za mwisho hubeba tarehe.

Hata huko, msomaji asidhani kazi ni nyepesi. Mpaka mwaka 1984 tarehe hiyo iliweza kuandikwa kwa namna mbili. Ya kwanza ilikuwa wazi: 0379 ni Machi 1979. Ya pili ilianza na herufi M, ikafuatwa na mwaka wa toleo na herufi ya mwezi, na hapo herufi A haikuwa Januari bali Agosti, kwa kuwa mwaka wa toleo la boti ulihesabiwa kuanzia Agosti. Kwa hiyo M79A ni Agosti 1978, wala si Januari 1979. Kuanzia Agosti 1984 utaratibu ulibadilika, A ikawa Januari, na boti ya Agosti 1984 ya toleo la 1985 ikaandikwa H485. Herufi ile ile, miezi miwili tofauti, kutegemea boti ilitengenezwa kabla au baada ya badiliko hilo. Ulaya nayo ina namba ya aina hiyo, ikiongezewa herufi za nchi mwanzoni.

Hayo ni ya boti za baada ya 1972. Boti za mbao za kale zaidi, ambazo ndizo wakusanyaji wa Marekani huzithamini mno, zilipewa namba na viwanda vyenyewe, kila kiwanda kwa mtindo wake. Kampuni ya Chris-Craft, iliyokuwa na karakana zake Algonac katika jimbo la Michigan, ndiyo mfano unaotajwa zaidi. Katika boti zake za baada ya Vita Kuu ya Pili, herufi za mwanzo ziliashiria aina ya boti, na tarakimu zikafuata mfuatano wa aina hiyo pekee. Boti mbili zenye tarakimu zinazokaribiana zinaweza kuwa zimepishana kwa miaka, ikiwa herufi zake hazifanani.

Ni nini basi kinachowawezesha Wamarekani kutaja mwaka? Ni kadi. Kiwanda kilijaza kadi kwa kila boti, na kadi hizo zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya mabaharia mjini Newport News, Virginia. Mwenye boti hupeleka namba, akatafutiwa kadi. Mwaka umo katika kadi. Namba ni ufunguo tu wa kabati. Kabati likikosekana, ufunguo hauna kazi, na hapo ndipo pwani ya Rufiji inapotofautiana na Michigan.

Fundi hana mfuatano

Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote katika pwani ya Afrika Mashariki. Mto unapokaribia bahari hugawanyika katika mikono mingi, na vijiji vingi vya upande huo wa Kibiti hufikiwa kwa maji kuliko kwa barabara. Huko mtumbwi wa gogo ndio baiskeli, mashua ndiyo lori, na jahazi ndilo gari la masafa.

Chombo cha namna hiyo hakitoki kiwandani. Mwenye fedha humwendea fundi, wakapatana juu ya urefu, mbao na malipo. Fundi huunda kwa jicho na kwa mkono, bila mchoro wa karatasi. Hulaza mkuku, husimamisha hanamu, hupanga mbao, hutia mataruma ambayo mara nyingi ni matawi ya mlilana yaliyojipinda yenyewe porini, hupiga kalafati, kisha chombo hushuliwa. Fedha zikimwishia mwenye chombo, kazi husimama, zikipatikana, huendelea. Chombo kimoja kinaweza kulala juu ya magogo msimu mzima au zaidi.

Katika utaratibu huo hakuna mahali pa namba ya mfuatano. Fundi hana haja ya kuita chombo chake cha saba au cha ishirini, maana kila kimoja ni cha mtu anayemjua na kila kimoja kina jina. Isitoshe, chombo kinachofanya kazi katika delta kinaweza kuwa kimeundwa mbali: Jibondo, kisiwa cha Mafia kinachosifika kwa mafundi wa vyombo, au Kilwa, au Unguja. Namba ya Rufiji juu ya chombo haithibitishi kwamba mbao zake zilichongwa Rufiji.

Ufundi wenyewe ni wa kale mno katika ukanda huu. Kitabu cha mwongozo wa biashara ya baharini kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza kinataja soko la Rhapta katika pwani ya Afrika Mashariki, na kinasema jina hilo lilitokana na vyombo vyake vilivyoshonwa. Mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa wanaoitafuta Rhapta katika eneo la Rufiji na Mafia. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, uliendelea kutumika katika pwani ya Waswahili mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichokuwa na namba ya fundi.

Kuna kinyume kimoja katika delta yenyewe, na ni kinyume cha chuma. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha humo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kuzamishwa Julai 11, 1915, baada ya kushambuliwa na meli za Kiingereza Severn na Mersey, inajulikana tarehe zake kama mtoto wa mfalme. Ilianza kujengwa Kiel mwaka 1905, ikashushwa majini Desemba 12 mwaka huo huo, ikaanza kazi Aprili 6, 1907. Mashua zilizopita kando yake katika miaka hiyo, zikibeba mchele na boriti, hazikuachiwa hata mwaka mmoja.

Angalia pia kwamba manowari hiyo ina tarehe tatu, si moja. Mtu akiuliza "ilitengenezwa lini?", jibu linaweza kuwa 1905 au 1907, na yote mawili ni kweli. Kwa jahazi lililokaa miaka miwili juu ya magogo likingoja misumari, swali hilo ni gumu zaidi.

Namba za kwanza zilichapwa kwenye tanga

Namba zilikujaje basi? Sehemu kubwa ya jibu imo katika vita dhidi ya biashara ya watumwa.

Julai 2, 1890, mataifa yaliyokutana Brussels, Ubelgiji, yalitia saini mkataba mkuu wa kukomesha biashara hiyo. Ujerumani, iliyokuwa ikitawala bara, ilikuwemo, Uingereza ilikuwemo, na Zanzibar nayo ilikuwemo. Mkataba ulihangaishwa hasa na vyombo vidogo vya mbao vya Bahari ya Hindi, ambavyo vilipeperusha bendera za mataifa ya Ulaya ili visipekuliwe.

Kwa hiyo mkataba uliweka masharti. Mwenye chombo alitakiwa awe raia au mtu aliye chini ya ulinzi wa taifa lenye bendera anayoiomba, awe na mali au dhamana, na awe na sifa njema. Kibali chake kilitakiwa kufanywa upya kila mwaka. Ukubwa wa chombo ulitakiwa kuchongwa na kupakwa rangi nyuma kwenye tezi, kwa herufi za Kilatini. Kisha likaja sharti linalotuhusu zaidi: herufi ya mwanzo, au herufi za mwanzo, za bandari ya uandikishaji, pamoja na namba ya chombo katika mfuatano wa bandari hiyo, zichapwe kwa rangi nyeusi juu ya matanga.

Tazama sharti hilo kwa makini. Namba ni ya mfuatano wa bandari. Haikuhesabu vyombo kadiri vilivyoundwa, bali kadiri wenyewe walivyofika dawatini. Jahazi lenye umri wa miaka 40 na jahazi lililoshuliwa wiki iliyopita, wenyewe wakifika siku moja, yangepata namba zinazofuatana. Na ilipochapwa juu ya tanga, namba iliwekwa kwenye kiungo cha chombo kinachochakaa upesi kuliko vyote. Tanga lilipochanika, namba ilihamia kwenye tanga jipya. Mwenye chombo alipohamishia uandikishaji wake bandari nyingine, herufi na tarakimu zote zilibadilika. Chombo kile kile kingeweza kupita maisha yake kikiwa na namba mbili au tatu.

Kwamba lengo lilikuwa bendera na mwenye mali, si umri, kulidhihirika katika kesi iliyofika mbele ya Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi mjini The Hague. Ufaransa na Uingereza zilishindana juu ya majahazi ya watu wa Oman, hasa wa Sur, yaliyokuwa yakipeperusha bendera ya Ufaransa. Hukumu ilitolewa Agosti 8, 1905. Mahakama ilichagua tarehe ya Januari 2, 1892, siku Ufaransa ilipoidhinisha mkataba wa Brussels, kuwa mpaka. Kuanzia hapo Ufaransa haikuwa na haki ya kuwapa raia wa Sultani wa Muscat bendera yake, isipokuwa wale waliokuwa chini ya ulinzi wake kabla ya mwaka 1863. Katika shauri zima hilo la vyombo vya mbao, miaka iliyohesabiwa ilikuwa ya watu na ya mikataba.

Mkataba wa Brussels ulifanyiwa marekebisho kwa mkataba wa Saint-Germain wa Septemba 10, 1919. Wakati huo Tanganyika ilikuwa imeshaingia mikononi mwa Waingereza, na mawazo yao ya usajili wa meli yakaja pamoja nao. Sheria yao ya meli ya mwaka 1894 ilitaka namba rasmi na ujazo wa meli vichongwe juu ya boriti kuu, yaani ndani ya mwili wa chombo. Ni hatua bora kuliko tanga, maana boriti haibadilishwi kila msimu. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo ilisamehe usajili wa vyombo visivyozidi tani 15 vilivyotumika pwani na mitoni katika makoloni, na mashua nyingi za delta ni ndogo kuliko hapo.

Mwandishi huyu anaona msamaha huo ndio uliotuachia pengo kubwa. Vyombo vikubwa vilivyovuka bahari vina alama katika nyaraka; vidogo vilivyolisha vijiji vilipita bila kuandikwa.

Namba za leo, na mipaka yake

Leo vyombo vya delta vimegawanyika katika vitabu viwili. Chombo cha uvuvi husajiliwa kwa Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake, hupewa namba na hukatiwa leseni inayofanywa upya kila mwaka. Chombo cha abiria na mizigo kiko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017. Vyombo vya Zanzibar vina mamlaka yao, Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, iliyoundwa mwaka 2009.

Ipo pia namba ya Shirika la Bahari Duniani (IMO), yenye tarakimu saba, ambayo hukaa na meli maisha yake yote hata jina na bendera vikibadilika. Ilianza mwaka 1987, ikawa lazima kwa meli kubwa Januari 1, 1996, na mwaka 2017 mlango ukafunguliwa kwa vyombo vya uvuvi visivyo vya chuma. Lakini mlango huo ni wa vyombo vikubwa au vinavyovua nje ya maji ya nchi. Mashua ya Mbwera au ya Salale haiufikii.

Pamoja na hayo yote, si haki kusema kwamba namba ya usajili haifai kitu. Haisemi mwaka wa kuundwa, lakini inaweza kuweka ukuta upande mmoja. Chombo hakiwezi kusajiliwa kabla hakijawepo. Ukipata tarehe ya kwanza ya namba katika kitabu, umepata mwaka ambao chombo hakiwezi kuwa kimezaliwa baada yake. Kiliundwa mwaka huo au kabla. Kabla kwa muda gani, namba haijui.

Mfano mwepesi uko Kibiti kwenyewe. Wilaya ya Kibiti ilimegwa kutoka Rufiji mwaka 2015/2016. Chombo chenye usajili uliotolewa na Kibiti kimeupata usajili huo baada ya mgawanyo, hilo halina shaka. Lakini mbao zake zinaweza kuwa zilielea tangu enzi za Rufiji moja, na anayetaka kufuatilia historia yake hana budi kufunga safari mpaka Utete, makao makuu ya wilaya mama. Mnunuzi anayesema "ni cha Kibiti, kwa hiyo hakijafika miaka kumi na kitu" amechanganya umri wa wilaya na umri wa mashua.

Vichwa vya nyaraka husaidia vivyo hivyo. Cheti cha usalama chenye jina la SUMATRA, mamlaka iliyodhibiti usafiri wa majini kabla ya TASAC kuichukua kazi hiyo mwaka 2018, kinaonyesha kwamba chombo kilikuwa kikifanya kazi kabla ya mwaka huo. Karatasi chakavu kama hiyo, iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki wa nahodha, inaweza kuwa na thamani kuliko tarakimu kubwa zinazong'aa ubavuni.

Nayo rangi ndiyo adui mkubwa wa ushahidi. Namba iliyopakwa inaweza kufutwa, kupakwa upya kwa makosa, au kuhamishwa kutoka chombo kilichokufa kwenda kwenye chombo kipya ili kukwepa gharama na usumbufu wa usajili. Mnunuzi akikuta namba ubavuni haifanani na vipimo vilivyoandikwa katika cheti, urefu kwa mfano, asikubali maelezo ya haraka haraka.

Kusoma mbao na kuuliza wazee

Pale kitabu kinapokosekana, njia ya kwanza ni kumbukumbu za watu, na si njia ya kudharauliwa. Wanaofanya sensa na tafiti za afya hutumia kalenda ya matukio kukadiria umri wa mtu asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa. Chombo kinaweza kuulizwa hivyo hivyo. Kilishuliwa kabla au baada ya Uhuru wa 1961? Kabla au baada ya Operesheni Rufiji ya 1968 na 1969, watu walipohamishwa kutoka bondeni baada ya mafuriko? Wakati wa Vita vya Kagera vya 1978 na 1979? Kabla ya mvua za El Nino za 1997 na 1998? Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, wakati magari yalipokuwa yakingoja kivuko? Kabla ya mafuriko ya Aprili 2024? Watu watatu wasiokaa pamoja wakitoa jibu moja, umepata kitu.

Njia ya pili ni kuvitazama vitu vyenyewe. Misumari ya kufuliwa kwa nyundo, yenye pembe nne, huelekeza nyuma zaidi kuliko misumari ya kiwandani ya mviringo. Mbao pana za mti mgumu ambao sasa hupatikana kwa shida huelekeza nyuma kuliko viraka vya mwembe. Mashimo ya misumari yasiyo na kazi katika ubao huonyesha kwamba ubao huo uliwahi kuwa wa chombo kingine.

Hapo tunagusa tatizo lenyewe. Chombo cha mbao hakizeeki kwa mpigo mmoja. Maji ya chumvi na wadudu watoboao mbao hukila kutoka chini, ndiyo maana mabaharia hukipandisha, wakakichoma moto kwa juu juu chini ya tumbo, wakakipaka deheni na kukisugua kwa sifa. Ubao uliooza hung'olewa, mwingine ukatiwa. Taruma hubadilishwa, kisha jingine. Baada ya miongo michache huenda ni mkuku tu uliobaki wa siku ya kwanza, nao pengine umeungwa. Mwenye chombo atakuapia kwamba ni kile kile cha baba yake, na kwa namna moja hasemi uongo. Kwa mkaguzi wa usalama, hata hivyo, umri wa mkuku na umri wa ubao ulio chini ya mkondo wa maji ni mambo mawili, na la pili ndilo linalozamisha.

Sayansi ya maabara ina msaada wenye mipaka. Miti mingi ya ukanda wa joto haitoi pete za mwaka zinazosomeka wazi, ingawa utafiti wa pwani ya Kenya uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba mkoko una pete zinazofuata miaka. Kipimo cha kaboni 14 hakitofautishi vizuri mbao za kati ya karne ya 17 na katikati ya karne ya 20. Lakini majaribio ya mabomu ya nyuklia angani yaliongeza mno kaboni hiyo hewani kuanzia miaka ya 1950 mpaka miaka ya mwanzo ya 1960, na mti uliokua baada ya hapo una alama yake. Kwa hiyo maabara inaweza kumkanusha anayedai jahazi lake ni la enzi za Mjerumani, ikiwa ubao uliopimwa ni wa kwanza. Na hata hivyo, kinachopimwa ni mwaka mti ulipokuwa hai, si mwaka fundi alipoushika.

Kwa mnunuzi wa kawaida asiye na maabara, ushauri ni wa makaratasi na macho. Aombe cheti cha usajili cha kwanza, si cha mwisho pekee, na risiti za leseni za miaka iliyopita. Aulize jina la fundi na mahali chombo kiliposhuliwa, na ikiwa fundi yu hai, amfuate. Ashuke ndani, ainue mbao za sakafu, atazame ngama na mahali mataruma yanapokutana na mkuku, maana huko rangi mpya haifiki. Apige picha ya namba kabla ya mtu kuigusa kwa brashi.

Mkataba wa mauzo utaje mambo matatu kwa mistari tofauti: mwaka wa kuundwa kwa kadiri unavyojulikana na umejulikanaje, mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza, na mwaka wa matengenezo makubwa ya mwisho pamoja na mbao zilizobadilishwa. Namba ya injini iandikwe peke yake, mbali na hayo. Injini ya kiwandani ina namba inayoweza kufuatiliwa mpaka mwaka wake, na wauzaji hupenda kuionyesha kwanza, lakini mwaka huo ni wa injini, nayo hufungwa kwa boliti nne tu juu ya mbao zilizokwishaliwa na bahari kabla haijatengenezwa.